Tulikwenda Ufaransa Kupeleka Ndagala

Kosa alilifanya baba kanisani, mbele ya watu wote, akiwa na maikrofoni mkononi.

Kanisa letu hapa Thornton Heath, London, ni ukumbi wa kukodi juu ya duka la mazulia. Mwisho wa ibada mchungaji huuliza nani ana ombi. Mmoja husimama aombewe mgonjwa wake, mwingine aombewe makaratasi yake ya ukaazi. Jumapili ile baba alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema: "Wapendwa, mutuombee. Juma linalokuja mimi na mama na watoto tunashika njia ya Ufaransa na gari letu, kutembea tu. Mungu atulinde barabarani."

Mama alikuwa ameshika pindo la koti lake, analivuta chini. Baba hakusikia, au hakutaka kusikia. Watu wakasema amina. Nikajua safari yetu imekufa.

Mtu ambaye hakukulia kwetu hataona ubaya. Lakini kwetu sisi tuliotoka Kongo ya mashariki, mtu anayesafiri na gari ni posta. Kila familia ina ndugu Lille, Rouen, Paris, na kila ndugu anasubiri kitu. Ukikataa mzigo wa mtu umekataa udugu wake, na jambo hilo litakufuata mpaka kwenye matanga yako. Ndiyo maana wenye akili husafiri kimyakimya, wakatangaza wakirudi, siku ya kutoa shukrani. Baba anayajua haya kuliko mimi. Ila alilipenda mno lile neno, "kutembea tu". Maisha yake yote alikuwa amevuka mipaka akikimbia, na sasa alitaka watu wamsikie akisema kwamba atavuka mmoja kwa raha.

Kabla hatujafika kwenye ngazi, wamama walikuwa wamemzunguka. Mfuko wa ndagala, dagaa wakavu wa kwetu, wa kupeleka kwa binti. Vitenge vya mkwe. Dawa ya kikohozi. Suti ya bwana harusi ndani ya plastiki yake, isikunjwe hata kidogo. Baba alicheka, akasema leteni, leteni, nafasi ipo. Mama alishuka peke yake, akakaa ndani ya gari na mkoba wake magotini.

Lazima nieleze safari ile ilikuwa ya nani.

Koko, mama yake mama, alikuwa na mkebe wa biskuti aliopewa na masista wa misheni. Biskuti ziliisha kabla mama hajazaliwa. Koko akawa anawekea chumvi. Juu ya kifuniko kulikuwa na picha ya mlima mdogo katikati ya maji, nyumba zimebanana ubavuni, na kileleni kanisa lenye ncha kali. Mkebe ule ulivuka mto Ruzizi pamoja nasi vita vilipotufukuza Uvira. Ulikaa nasi kwenye kambi ya wakimbizi, na mimi nikiwa mtoto nililamba chumvi kwenye kifuniko chake mpaka nikachapwa. Koko alikuwa akiigusa ile picha na kidole na kusema: "Pale mutu akifika, hakanyagi tena matope." Mama, alipokuwa mdogo, alimwahidi atampeleka. Wote wawili walidhani ni picha ya mbinguni.

Baadaye sisi tulikuja London, Koko akarudi Uvira na mkebe wake.

Mama anafanya kazi ya kuogesha wazee majumbani. Anaendesha gari letu dogo kutoka mlango hadi mlango. Koko alipofariki, simu iliingia mama yuko kazini, mikono imejaa sabuni. Kule watu wanamuosha mama yake kwa mara ya mwisho, na yeye yuko hapa anamuosha mama wa mtu mwingine. Njia za kwetu zilikuwa zimefungwa na mapigano. Hakuna aliyeweza kwenda. Vitu vya Koko viligawanywa na waliokuwepo, na mkebe haujulikani ulikokwenda.

Jioni ile mama alikaa sakafuni, akatoa kitambaa kichwani, akaanza kulia. Kilio cha kwetu si machozi tu. Kina maneno. Unamwita marehemu, unamsifu, unamgombeza, unamuuliza amekuachia nani. Mama hakufika mbali. Jirani aligonga ukuta, kisha akaja mlangoni kuuliza kama kuna mtu anapigwa. Baba aliomba msamaha mara nyingi, akafunga mlango, akamwambia mama: "Punguza sauti. Wataita polisi."

Mama akanyamaza. Hakulia tena, wala siku ile wala kanisani wakati wa kumkumbuka marehemu. Kile kilio kilimkaa kooni kama mfupa wa samaki. Nilimwona akimeza mate, akimeza, hata akipika.

Halafu siku moja alirudi kutoka kazini mbio. Kwa bibi mmoja anayemuogesha alikuta boksi la picha ya vipande, ile ambayo wazee hupanga mezani kupitisha muda. Juu ya boksi kulikuwa na mlima wa Koko. Bibi yule akamwambia ni mahali, pako Ufaransa, panaitwa Mont-Saint-Michel, yeye mwenyewe aliwahi kwenda na mumewe.

"Pako," mama alituambia, hata viatu hajavua. "Pako kweli, na watu wanaenda na gari. Nataka nikamulilie mama yangu pale."

Baba aliguswa. Nasema kweli, aliguswa. Alimshika mkono, akasema: "Mwaka huu si wa ndugu zangu. Ni mwaka wako."

Mwezi huohuo akashika maikrofoni.

Tulivuka na meli kutoka Dover. Mdogo wangu, ambaye alizaliwa hapa na bado yuko shule ya msingi, alikaa na mfuko wa ndagala miguuni kwa sababu nyuma kulikuwa kumejaa. Yeye anaelewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Tulipotoka melini aliuliza kwa Kiingereza kama tunakwenda likizo au tumeajiriwa na duka la samaki.

"Nyamaza," baba alisema. "Chakula cha mutu hakinuki."

Kama ungefuata ramani, kutoka Calais ungeshuka na pwani, na kesho yake ungefika kwenye mlima wa Koko. Sisi tuligeuka kushoto, kwenda Lille. Vitenge.

Nilipanga kuviona vijiji vya Ufaransa kwa miguu yangu. Niliviona kwa dirisha. Nyumba za matofali mekundu zenye maua kwenye madirisha, minara ya makanisa inayotokea nyuma ya ngano na kupotea, uwanja mdogo wenye miti iliyokatwa vichwa na wazee wawili kwenye benchi. Kila nilipoona pazuri nilisema moyoni, hapa atasimama. Hakusimama. Mama aliegemeza paji la uso kwenye kioo, akaangalia tu. Amiens tulizunguka kanisa kuu bila kushuka kwa sababu baba hakuona pa kuegesha, na mtu wa Amiens alikuwa anasubiri dawa yake ya kikohozi. Lile kanisa ni kubwa mno, lina watu wa mawe mlangoni safu kwa safu, na mimi niliona upande mmoja tu, ule wa kioo changu.

Na kila tulipofika ilikuwa vilevile. Ghorofa, lifti yenye harufu ya mkojo, mlango unafunguliwa, vigelegele. "Tunaangusha tu mzigo," baba anasema. Mwenye nyumba anacheka, kana kwamba amesikia utani mzuri. Bugali unaanza kusongwa tukiwa tayari tumekaa, maana kwetu chakula kilichopikwa kabla ya mgeni kufika ni kama kumwambia hukumtaka. Baba anawekwa kwenye kiti kikubwa mbele ya televisheni. Na mama? Mama anapewa kitenge cha kujifunga, na kisu, na kitunguu. Mgeni mwanamke hakai sebuleni kama bibi wa Kizungu. Nilimwona Lille akichambua sombe, majani ya muhogo. Nilimwona Amiens akikoroga. Alikuwa ametoka kuogesha wazee mwaka mzima apate juma moja, na juma lake likawa linaishia kwenye majiko ya watu asiowajua, wote ndugu wa upande wa baba au marafiki wa ndugu.

Hasira yangu ilikuwa kubwa na mimi ni mtu wa haya. Wageni wakinisalimu naangalia sakafu. Nimesoma shule ya msingi tu, kambini, na mbele ya watu wazima maneno yangu hukauka. Basi nilikuwa napeleka hasira yangu bafuni kwa watu, nakunja ngumi, halafu natoka na kusema aksanti kwa chakula.

Rouen ndipo palipokuwa pabaya zaidi. Pale anaishi shangazi yake baba, mzee, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha askari. Baba alisema tutalala mara moja. Alipojaribu kuaga asubuhi, shangazi alikaa mlangoni na kiti chake.

"Mutapita aje? Muniruke?"

"Shangazi, tuna safari ya kwenda kuona pahali."

"Pahali gani?"

Baba akaangalia mama. Mama akasema kwa upole, "Kuna mlima wenye kanisa, shangazi. Mama yangu aliupenda."

"Mukwe wangu," shangazi alisema, "mutu anatoka kwake kwenda kuona watu. Mawe yanakungojea? Mawe yanakupikia? Mawe yatakuzika?"

Wote wakacheka. Baba naye alicheka. Si kwa nguvu, lakini nilimwona. Mama alitabasamu kwa adabu, akarudi jikoni, akameza mate.

Tulikaa tena siku hiyo nzima. Watu wa kanisa lake walikuja kutusalimu. Chini mjini kulikuwa na mtaa wa nyumba za mbao zilizoinama, na saa kubwa ya dhahabu juu ya tao; mdogo wangu alisoma habari zake kwenye simu. Akamwomba baba twende tukaone tu na kurudi. Baba alisema si vizuri kuwaacha wageni. Sisi ndio tulikuwa wageni. Nilitaka kumwambia hivyo. Nikaosha sahani.

Ikabaki siku ya mwisho, maana kesho yake meli. Na mzigo mmoja, suti ya bwana harusi, Caen. Baba aliapa garini, mkono mmoja juu: "Caen iko njiani. Nashuka, natoa suti, napanda. Hata injini sizimi." Mama alikuwa amevaa kitenge chake cheusi, kile alichonunua siku ya simu na ambacho hakuwahi kukivaa. Mkobani mwake alikuwa ameweka mfuko mdogo wa chumvi. Hakutueleza, nasi hatukuuliza.

Caen baba alizima injini.

Bwana harusi alishuka kutupokea kwa mikono miwili. Alikuwa kijana mpole, sina neno baya juu yake. Lakini alikuwa amemwita mchungaji wake, na mbuzi alikuwa jikoni, na suti ikabidi ivaliwe ili wote waione, na ilipovaliwa suruali ikawa ndefu, na ikatafutwa sindano, na sindano akapewa nani? Mama. Alipiga magoti sakafuni kwenye kitenge chake cha msiba, anapinda suruali ya mtu, huku mchungaji akimuuliza baba habari za kazi London. Jua lilikuwa limevuka dirisha la kwanza, linaelekea la pili.

Mama alikata uzi na meno. Akasimama, akachukua mkoba wake, akasimama karibu na mlango. Alimwangalia baba.

"Dakika kidogo, mama wa watoto," baba alisema. "Mbuzi iko tayari. Tutafika. Na hata tukichelewa, mwaka ujao Mungu akipenda."

Mwaka ujao.

Funguo za gari zilikuwa mezani, karibu na sahani ya pilipili. Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka watu wote wakiniangalia na masikio yangu yakiwa moto. Nilizichukua funguo mbele ya mchungaji, nikampa mama.

"Mama, twende."

"Unafanya nini, wewe?" baba aliuliza.

Sauti yangu ilitoka ndogo na mbaya, kama ya mtu mwenye mafua. "Wewe kula, baba. Shangazi zako wote tumewasalimu. Mama yake ndiye bado."

Mchungaji alisafisha koo. Baba alifungua mdomo, na nilingoja kofi au neno, lakini alikuwa anamwangalia mama, kile kitenge cheusi, kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. Mama hakumngoja aseme. Alikuwa tayari kwenye ngazi.

Mama hakuwahi kuendesha upande wa kulia wa barabara. Alishika usukani kwa mikono miwili, akaenda polepole, na malori yalitupigia honi. Mdogo wangu alishika simu na kumwelekeza kwa Kiingereza, na mara moja, kwenye mzunguko, alipiga kelele kwa Kiswahili: "Kulia, mama, kulia!" Hakuna aliyemcheka. Mama alikuwa ananung'unika maneno ambayo sikuyasikia vizuri. Nilidhani anasali. Alikuwa anamtukana baba.

Tuliuona karibu na Avranches, barabara iliposhuka. Mdogo wangu aliuona kwanza. Kitu kidogo cha kijivu mbali, kama msumari uliosahauliwa juu ya meza. Mama alisimamisha gari pembeni, akawasha taa za hatari, akauangalia. Kisha akaendelea.

Magari huachwa mbali, na kuna basi la kupeleka watu bure. Mama alikataa basi. Tulitembea juu ya lile daraja refu, upepo unatupiga, watu wengi wakirudi na watoto wao na aiskrimu. Mlima uliongezeka kila tulipotazama. Nyumba zilikuwa zimebanana ubavuni kweli, na ncha ya kanisa ilikuwa kali kweli. Ila maji hayakuwepo. Bahari ilikuwa imeondoka mbali sana, na pande zote kulikuwa na mchanga wa kijivu na tope linalong'aa.

"Maji yako wapi?" mdogo wangu aliuliza, kwa Kiswahili.

Mama aliendelea kutembea. Langoni kulikuwa na duka, na dirishani mikebe ya biskuti imepangwa mpaka juu, yote na mlima ule, rangi mpya, hakuna palipochubuka. Alisimama akaiangalia. Nilisema, "Mama, ingia uchukue mmoja." Akatikisa kichwa, akageuka, hakupanda hata ile njia ya kwenda kanisani. Alishuka chini ya ukuta, kwenye mchanga, akavua viatu.

Aliingia kwenye tope mpaka vifundo vya miguu.

"Mama," alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeingia nyumbani na kumkuta mwenzake. "Ulinidanganya. Iko matope."

Halafu alitoa kitambaa kichwani na kilio kikatoka.

Sijawahi kusikia sauti ile, wala kambini. Alimwita Koko kwa majina yake yote. Akamwambia habari za simu na sabuni. Akamgombeza kwa kumwacha na watu wanaopenda nyama. Akamuuliza mkebe ameuacha kwa nani. Alifungua mfuko akamwaga chumvi kwenye tope, yote, akaendelea kulia. Juu ya ukuta watu walisimama. Mwanamume mmoja alitoa simu kutupiga picha. Mimi, ambaye ningekufa kwa haya siku nyingine yoyote, nilisimama mbele ya mama nikatanua kitenge changu kwa mikono miwili, nikamkazia macho mpaka akaishusha. Mlinzi alikuja akauliza jambo kwa Kifaransa. Mdogo wangu alimwendea, akamwambia kwa Kiingereza kwamba mama yake mama yetu amefariki, na kwamba hapa ndipo. Yule mtu akavua kofia. Akakaa mbali akingoja, na hakugonga ukuta wowote.

Mama alilia mpaka kikaisha. Akanawa miguu kwenye dimbwi, akavaa viatu, akasema, "Basi." Hatukuona kanisa. Sijui ndani pakoje.

Tulimkuta baba amekaa nje ya ghorofa la Caen, kwenye ukingo wa barabara, peke yake. Miguuni mwake kulikuwa na mifuko. Nyama ya mbuzi kwenye karatasi ya fedha, sombe la shangazi wa Rouen kwenye ndoo ya mayonezi, magauni ya mtoto wa mtu wa Lewisham. Mizigo ya kurudi London. Alisimama, akaufungua mlango wa dereva.

Mama hakutoka. "Zunguka upande ule," alisema.

Baba alizunguka. Alitaka kufungua nyuma aweke mifuko. Mama alifunga kwa kitufe, tukasikia kufuli zikiruka.

"Mama wa watoto, nitaweka wapi sasa?"

"Beba."

Akaibeba magotini, ndoo juu ya magauni, mpaka Calais. Njiani aliuliza mara moja, kwa sauti ndogo, pakoje pale mahali. Nilingoja mama amjibu. Mama aliwasha taa ya kugeuka, akalipita lori.

"Angekuwepo," mdogo wangu aliniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo kila mtu garini alisikia, "angejua."